Kwani DJ Hulala Wapi?

Tuanze na neno lenyewe: ziara. Rais hufanya ziara. Papa hufanya ziara. Mimi nikifunga kontrola ndani ya blanketi isigongwe, nikatia laptopu na nyaya kwenye begi la mgongoni, nikapanda matatu ya Nakuru pale River Road, bango la Instagram linasema niko kwenye ziara. Limeandikwa Nakuru, Eldoret, Kisumu, Kakamega, kila mji na tarehe yake, na picha yangu ya miaka mitatu iliyopita nikiwa bado na nywele. Wasee wanaweka emoji za moto. "Mse ameomoka." Mwalimu wangu mmoja wa shule ya upili aliniandikia kwamba ananionea fahari, na kwamba sasa anaelewa kwa nini niliacha chuo mwaka wa pili.

Mwalimu hajaona hesabu. Wacha niitoe hapa, maana kwa hii kazi kila mtu huonyesha umati na hakuna anayeonyesha hesabu.

Wikendi hiyo ya miji minne, kwa karatasi, ilikuwa Sh45,000. Nakuru 8,000, Eldoret 15,000, Kisumu 15,000, Kakamega 7,000. Kwa karatasi, nimesema. Nakuru walilipa zote, Mungu awabariki. Eldoret walinitumia 5,000 mapema, halafu mvua ikanyesha, watu wakawa wachache, promota akaniongezea 5,000 nyingine na kusema iliyobaki ni Jumatatu. Hakusema Jumatatu ya mwezi gani. Kisumu walilipa 15,000 yao, lakini saa kumi na mbili asubuhi, baada ya mimi kukaa juu ya kreti ya bia nje ya mlango wa ofisi saa mbili nzima nikimsikiliza mhasibu akihesabu noti. Kakamega waliahirisha nikiwa stendi, mguu mmoja ndani ya gari. Jumla iliyoingia ni 33,000.

Sasa toa. Nauli yangu na ya emsii wangu, 7,000. Bodaboda, 1,200. Chumba kwa siku tatu, 6,000, sisi wawili kitanda kimoja, mmoja kichwa huku mwingine kichwa kule. Chakula, 4,300. Kebo iliyokatika Eldoret, 1,500. Emsii mwenyewe, ambaye sauti yake ndiyo huamsha watu saa nane usiku mimi nikiwa nimeishiwa, 9,000. Nilishuka Nairobi na Sh4,000. Fundi wa mjengo anayejenga hapo nyuma ya ploti yetu hupata zaidi ya hiyo kwa siku nne, na kila jioni anarudi kulala kwake.

Na hapo kwa kulala ndipo ugomvi wangu ulipo. Promota hujua nitapanda jukwaani saa ngapi. Hujua nitavaa shati gani, maana kampuni ya bia imeleta lake. Hujua ni mara ngapi nitataja jina la klabu kwenye maikrofoni. Lakini kwa miaka sita ya hii kazi, walioniuliza nitalala wapi nawahesabu kwa mkono mmoja na vidole vinabaki. Seti inaisha saa kumi alfajiri. Gesti inataka utoke saa nne asubuhi na inakulipisha usiku mzima. Kwa hivyo una njia tatu. Ulipe chumba utakacholala saa tano tu. Ama ukae kwenye kituo cha mafuta, begi mapajani, hadi matatu ya kwanza ijaze. Ama uingie kwenye Probox ya rafiki wa promota, anayeenda Nairobi "saa hii hii", uliyemwona kaunta tangu saa tano usiku, na anayekwambia usijali, barabara saa hizi iko wazi.

Iko wazi kweli. Iko wazi kwa malori pia. Yeyote aliyewahi kupita Salgaa kabla jua halijatoka, trela zikishuka huku breki zinanuka hadi ndani ya gari lako, anajua ni kitu gani tunachokiita "kuokoa pesa ya gesti".

Machi 2003, E-Sir alikufa kwenye ajali akirudi Nairobi kutoka kwenye shoo Nakuru. Alikuwa na miaka 21. Nameless alikuwa kwenye gari hilo akapona. Wengi wetu tunaosoma hapa tulikuwa tunanyonya au hata hatujazaliwa, lakini tunazijua nyimbo zake zote, na kila Machi tunaweka picha yake na mshumaa. Sina neno juu ya gari lile wala safari ile. Nina neno juu yetu. Zaidi ya miaka 20 tumeomboleza, na katika mikataba yote ambayo nimetumiwa kwa simu, ile michache inayoitwa mikataba, sijaona mstari mmoja unaosema msanii asisafirishwe usiku, au apewe kitanda hadi mchana. Kuna mstari unaosema nikichelewa dakika 15 nakatwa.

Hata ndani ya klabu kwenyewe, sisi huwa ni nani? Januari 2020, DJ Evolve alipigwa risasi ndani ya klabu moja Kilimani, na kamera ikarekodi, na nchi nzima ikatazama. Tuliongea juu ya yule aliyeshukiwa kwa sababu alikuwa mwanasiasa. Tuliongea juu ya kesi. Juu ya swali la kawaida kabisa, kwamba mtu akiumia kazini bili ya hospitali ni ya nani, hatukuongea. Mhudumu wa bia kwenye klabu hiyo hiyo unayoenda anaweza kuwa na barua ya ajira. DJ yuko pale kila Ijumaa miaka minne, ana kona yake na stuli yake, na bado kwenye vitabu vya klabu ni mgeni aliyepita.

Kwa ma-DJ wa kike mzigo ni ule ule na mwingine juu yake. Rafiki yangu mmoja hupiga sana Mombasa na Kilifi. Promota akimlipia chumba, anasema asante, anachukua ufunguo, anaweka begi tupu ndani, kisha anaenda kulala kwingine alikojilipia mwenyewe na ambako hakuna mtu wa klabu anayekujua. Kila shoo. Analipa kodi ya kuwa mwanamke, na hiyo kodi haimo kwenye bei yake kwa sababu akiiweka ataambiwa ana maringo.

Najua jibu litakalokuja, maana nimelipata kwa sauti mara nyingi. Soko ndilo linaamua. Ukikataa wewe kwa 15,000, kuna kijana atakuja kwa 2,000 na aje na spika zake. Ni kweli kijana yuko. Namjua, au niseme namjua wa aina yake. Ana miaka 19, anakaa Kayole kwa mamake, hajui bei ya kodi ya nyumba wala ya tokeni za stima. Anacheza kwa 2,000 kwa sababu ugali wake wa Jumamosi umeshapikwa na mtu mwingine. Kwa hivyo tusiseme soko. Tuseme ukweli: nusu ya klabu za Nairobi zinafadhiliwa na mama zetu. Mama wa Kayole analipa stima ya laptopu, analipa chakula, analipa usingizi, ili mwenye klabu auze bia na DJ awe wa bei ya chini. Na hakuna aliyewahi kumwandika mama huyo kwenye bango, hata kwa herufi ndogo.

Halafu kuna wale wa "DJ anabonyeza tu". Hawa huwa hawanikasirishi tena, wananichosha. Wacha nikwambie kinachobonyezwa. Nchi hii haina dansi moja. Eldoret, ikifika saa saba na nusu usiku, ukiwa hujaleta nyimbo za Kikalenjin umekwisha, na si nyimbo yoyote, ni ile ambayo wiki hiyo inapigwa kwenye matatu za kwenda Kapsabet. Kisumu unaweza kuwapa amapiano saa mbili na watacheka na wewe vizuri, lakini wanangoja ohangla na rumba, na rumba hiyo usiikate kabla sebene haijaingia. Ukiikata, mzee mmoja mwenye kofia atakuja hadi kwenye meza yako taratibu akuulize mama yako anaendeleaje. Nyeri ni mugithi, na mugithi ni foleni ya watu walioshikana mabega, kwa hivyo kasi ya wimbo lazima ifuate miguu ya watu waliokunywa. Machakos wana benga yao na gitaa lake linalokimbia. Mombasa nilidhani ni Bongo Fleva tu hadi harusi moja ya Majengo ikanionyesha kwamba usiku wa kina mama bila chakacha si usiku.

Hayo yote hayako kwenye programu. Virtual DJ itakulinganishia kasi za nyimbo mbili, sawa. Haitakwambia kwamba meza ya kona imekuja kusherehekea kupandishwa cheo na meza ya mlangoni imetoka matangani, na kwamba wote wawili wamelipa mlangoni. Mimi nadhani DJ anayezunguka kaunti anaijua Kenya kuliko mbunge wake. Anajua wapi vijana wana pesa mwisho wa mwezi na wapi wana pesa baada ya chai ya bonasi. Anajua mji upi watu hucheza wakiwa wamekasirika. Hiyo ni elimu, na nimeilipia zaidi ya karo niliyoacha kulipa.

Lakini DJ angalau anaonekana. Usiku ukiisha, Jumatatu hadi Jumatano, mimi ni mtu mwingine: prodyuza. Huyu haonekani kabisa. Yuko kwenye chumba kimoja Githurai, godoro limesimamishwa ukutani lizuie mwangwi, blanketi dirishani, jirani anagonga. Msanii anakuja, anasikiliza biti 20, anapenda moja, anatuma 3,000 kwa M-Pesa, anaondoka na faili kwenye flashi. Miezi miwili baadaye unaisikia kwenye nganya ya Rongai, makanga anaicheza hadi vioo vinatetemeka, na jina lako halipo popote. Si kwenye YouTube, si kwenye Boomplay, si mdomoni mwa msanii akihojiwa redioni. Siku za Calif Records na Ogopa Deejays, mtoto wa darasa la sita alijua Clemo ni nani. Studio zilikuwa chache na prodyuza alikuwa mwenye nyumba. Alikuwa na nguvu, na wasanii wa wakati ule walinung'unika kwamba ni nguvu nyingi kupita kiasi, labda walikuwa sahihi. Laptopu ikaja na programu ya wizi, studio zikawa elfu, nguvu ikahama. Haikuja kwetu.

Hapa nataka nipunguze kelele kidogo, kwa sababu kuna kitu ambacho mapromota na mameneja wanakijua na sisi hatukijui, na ni bure kukijua. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inatenganisha wimbo uliotungwa na rekodi ya sauti. Ni mali mbili. Mwenye rekodi, kwa sheria, ni yule aliyefanya mipango rekodi ifanyike. Soma tena. Si yule aliyegusa kinanda. Kwa hivyo mtu akikodi studio, akakulipa wewe, akamlipa mwimbaji, yeye ndiye "prodyuza" anayetambuliwa na sheria, na wewe unayejiita prodyuza mtaani wote unaweza kuwa si chochote kwenye ile rekodi. Kinachobaki chako ni utunzi: ile besi, ile ngoma, ile melodi iliyotoka kichwani mwako.

Na hata hiyo ina mtego. Kifungu cha 33 kinasema hakimiliki haihamishwi bila maandishi na sahihi. Hii ni habari njema kwako wewe uliyeuza biti kwa 3,000 na neno "poa": risiti ya M-Pesa ni ushahidi kwamba pesa ilitumwa, si hati ya kuuza shamba. Lakini kifungu cha 31 kinasema kazi ikiwa imeagizwa, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hivyo biti uliyoitengeneza saa tisa usiku ukiwa peke yako, ikakaa kwenye folda hadi mtu akaipenda, na biti aliyokupigia simu akasema nitengenezee kitu kama cha fulani, hizo si biti sawa mbele ya sheria. Zinatoka kwenye laptopu moja, zinauzwa bei moja, na moja inaweza kuwa ilishaondoka mikononi mwako kabla hujamaliza kuipanga. Nani alitufundisha hii? Mimi niliisoma mwenyewe kwenye simu, bandali ya saa moja, nikiwa na hasira na msanii fulani ambaye sitamtaja kwa sababu bado tunasalimiana.

Jina ndilo halichukuliwi. Kifungu cha 32 kinampa mtunzi haki ya kutajwa kuwa ni wake hata baada ya kuuza haki nyingine zote. Kwa hivyo kuandikiwa jina lako chini ya video si hisani. Msanii akikuambia "nitakuweka jina, usijali", anakuahidi kitu ambacho tayari ni chako, kama mtu anayekuahidi kukurudishia viatu ulivyovaa.

Pesa yenyewe imepangwa na watu ambao hawakukuwaza. Marekebisho ya 2022 yalisema msanii au mwenye kazi asipate chini ya 52% ya mapato ya zile nyimbo za Skiza anazosikia mtu akikupigia, kampuni ya simu isizidi 39.5% na kampuni ya katikati isizidi 8.5%. Wasanii walishangilia na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini ndani ya hiyo 52% prodyuza hayumo kwa jina. Yumo ikiwa alikuwa na karatasi. Spotify, iliyofika Kenya 2021, tangu 2024 hailipi rekodi ambayo haijafikisha mara 1,000 kwa miezi 12. Fikiria ni biti ngapi za Githurai zinaishia mara 999.

Basi toka, wananiambia. Nenda Ulaya. Huko ndiko DJ anaheshimiwa.

Na ni kweli kuna watu wametoka, na nawafurahia bila wivu mwingi. Tamasha la Nyege Nyege lilianza Jinja 2015, na lebo yao ikatoa Sounds of Sisso 2017, na hao vijana wa singeli waliokuwa wakitengeneza ngoma Mburahati kwa kompyuta za kawaida kabisa wakaenda kuwavuruga Wazungu kwa kasi ambayo hawakuwa wameisikia. KMRU, mjukuu wa yule Joseph Kamaru wa nyimbo za Kikuyu aliyefariki 2018, alihamia Berlin, na leo ukitaja sauti ya majaribio duniani jina lake liko mbele. Nairobi sasa inamtaja kwa madaha. Mimi nauliza tu: leo, kijana mwingine akija kwenye klabu yako ya Westlands na saa moja ya sauti za mvua na treni zilizochanganywa kwa mkono, mtamlipa? Mtamwambia hiyo ni kelele, weka amapiano. Heshima yetu huwa inapanda ndege kwenda kugongwa muhuri, kisha inarudi.

Na ndege yenyewe si ya kila mtu. Tangu Juni 2024 ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni yuro 90, na ukinyimwa hurudishiwi. Ongeza picha, bima, barua ya mwaliko, tiketi iliyoshikiliwa, taarifa ya benki. Mwenzangu wa Berlin akitaka kuingia Kenya hujaza eTA kwenye simu, dola 30, akiwa anakunywa kahawa. Mwaka jana nilialikwa kwenye tamasha dogo, seti mbili, pesa ambayo ingelipa kodi yangu ya nyumba ya miezi saba. Ubalozi mmoja uliniandikia kwamba nia yangu ya kurudi nyumbani haikuthibitika. Walitaka kuona mapato yanayoingia kila mwezi tarehe ile ile. Mapato yangu huingia Jumatatu isiyotajwa. Tamasha likachukua mtu mwingine, anayekaa huko huko, acheze muziki wa "Nairobi ya sasa". Nasikia alicheza vizuri.

Ndiyo maana nasema tuache kuliita jambo hili kupaa. Kijana anayeondoka kwa sababu nyumbani hawamlipi, akapangiwa foleni ya viza, akalala kwenye kochi la mtu wa lebo mjini asioujua, akapiga miji tisa kwa siku kumi na moja na kurudi na mgongo mbovu: tungekuwa tunaongea juu ya wasichana wanaoenda Ghuba tungejua neno lake. Tofauti ni kwamba huyu amepigwa picha kwenye moshi wa jukwaa.

Na wewe msomaji, usijifiche nyuma ya promota. Wewe ndiwe unayeniandikia DM Ijumaa saa kumi na moja: "Bro niweke kwa orodha, niko na mabeshte wanne." Una fulana ya kuunga mkono vya nyumbani. Kiingilio ni 500. Ndani utanunua chupa ya 4,500 bila kuuliza bei mara mbili. Utarekodi dakika mbili za seti yangu ukiwa umesimama mbele ya kontrola, kisha utanionyesha simu iliyoandikwa jina la wimbo niliocheza dakika kumi zilizopita. Siku nikikukatalia orodha, umesema nimebadilika. Pesa ya mlangoni ndiyo mara nyingi tunalipwa nayo sisi; ya chupa ni ya nyumba. Wale mabeshte wanne ni Sh2,000, na Sh2,000 ndiyo chumba ambacho sikulala.

Kuna wanaosema dawa ni chama cha ma-DJ. Sina imani sana. Nimekaa kwenye vikundi vitatu vya WhatsApp vilivyoanza kama chama na kuishia kuuzana spika. Kabla ya chama tungeanza na kitu kidogo ambacho kinatutia aibu sana: kuambiana bei. Mapromota wanaambiana. Wana kikundi chao na wanajua nilikubali ngapi Nakuru kabla sijafika Eldoret. Sisi kila mmoja anadanganya mwenzake kwamba analipwa vizuri, kwa hivyo kila mmoja anapoulizwa bei na promota anakisia gizani, na anakisia chini.

Bei zangu ni hizi. Nairobi, seti ya saa mbili, 12,000. Nakuru, Nyeri, Machakos, 20,000. Eldoret, Kisumu, Mombasa, 30,000, na emsii yuko ndani ya hiyo. Nusu iingie kabla bango halijatoka, si kabla ya shoo. Chumba ni juu ya anayeniita, vitanda viwili, hadi saa nane mchana, na sisafiri kabla hakujapambazuka. Biti ya folda ni 10,000 kwa leseni ya wimbo mmoja, kwa maandishi, utunzi unabaki wangu. Biti ya kuagizwa ni 25,000, na tunaandikiana nani ana nini kabla sijafungua laptopu. Kwenye zote mbili, jina.

Nimewapelekea watu watano bei hizi mwezi huu. Watatu wamenyamaza. Mmoja amesema nimeota pembe. Mmoja wa Kisumu ameniuliza kama vitanda viwili ni lazima viwe chumba kimoja.

Wewe wa Kayole, wakikupigia simu wakisema huyu jamaa amekuwa ghali, sasa unajua walisikia ngapi. Itisha hiyo hiyo.